Maisha ya Kulinganisha Viwili Viwili

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa vikombe saba vya chai nivipe alama. Nilikuwa binti mbichi, nimevaa gauni nililoshonewa na mama kwa ajili ya siku hiyo, na cheti changu cha hesabu kimo ndani ya mkoba kama kwamba kuna mtu angeniuliza njiani. Kituo chetu kilikuwa cha kupima bidhaa, hapa hapa Kampala, na Mkuu wa Kitengo cha Takwimu alikuwa mzee mmoja aliyetoka jeshini. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kifupi, hakina salamu ndefu.

"Wewe binti, kunywa. Kila kikombe pa alama, moja mpaka kumi."

Nikanywa, nikaandika. Hiki saba, hiki sita, hiki nane. Nikajiona mtaalamu. Baada ya chakula cha mchana akaniletea vikombe saba vingine, nikavipa alama pia. Akaweka karatasi zangu mbili mezani, akacheka mpaka akakohoa. Chai ilikuwa ile ile. Kikombe nilichokipa nane asubuhi, mchana nilikipa tano.

"Sasa gani kweli? Nane ama tano?"

Loo, nilitamani ardhi ipasuke! Nikamwambia, "Mzee, sijui." Akasema, "Vizuri. Kama unajua hujui, tayari umeanza kazi." Kisha akaniwekea vikombe viwili tu. "Gani nzuri?" Hapo sikusita, nilionyesha cha kushoto. Akavibadilisha, akavirudisha, akaniuliza tena, na kila mara nilionyesha kile kile.

Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu, na vijana wa siku hizi wanaoniuliza "Hajati, hasa ulikuwa unafanya nini?" nawajibu kwamba nilikuwa nauliza watu swali moja. Kichwa cha binadamu hakina mizani ya kusema kitu hiki kina uzuri wa saba na nusu. Lakini mpe viwili, atakuambia kipi kimemzidi mwenzake. Basi sisi tulivigawa vitu jozi jozi. Vitu vitatu vinatoa jozi tatu, vitu saba vinatoa ishirini na moja, maana kila kimoja lazima kikutane na kila mwenzake. Majibu tunayapanga kwenye jedwali: safu mlalo ni mshindi, safu wima ni aliyeshindwa. Ukimaliza, jedwali lenyewe linakuambia nani wa kwanza na nani wa mwisho, na amemzidi mwenzake kwa kiasi gani. Leo kompyuta inafanya hesabu hiyo kabla hujakaa vizuri. Sisi tulianza kwa penseli na kifutio, na kifutio ndicho kilichokuwa kinaisha.

Kulikuwa na adabu zake. Kitu hakikai upande wa kulia siku zote, kwa sababu watu wengi huonyesha kulia bila kujijua. Hakionjwi cha kwanza siku zote, kwa sababu mwenye njaa husifu cha kwanza. Na muulizaji hanyanyui hata nyusi. Kikubwa kuliko vyote ni lile swali. Ukimwuliza mama wa Kampala, "Kipi bora?" atakutazama kwa huruma, atasema, "Vyote vizuri, bambi," yaani maskini wewe. Hataki kumvunja moyo mtu asiyemjua aliyetokwa jasho kutengeneza kimoja. Nilipohamishiwa Masaka kupima kahawa, karatasi zangu zilijaa "vyote vizuri" mpaka nikakaribia kulia. Mkuu wa Kituo wa huko, mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole, ndiye aliyeniokoa. "Usiwaulize kipi bora," aliniambia. "Waulize, ukiambiwa uondoke na kimoja, utabeba kipi?" Nikajaribu. Wallahi, walibeba! Walikuwa karibu kuvinyang'anya mikononi mwangu, na aliyesema vyote vizuri ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

Nikapanda cheo, nikawa Afisa wa Ulinganishi, nikazunguka vituo. Lakini kisa ninachotaka kuwasimulia ni cha miaka yangu ya mwisho, nilipokuwa bado napangiwa safari za Masaka ingawa magoti yalishaanza kunigombeza.

Kuna shirika lilitaka majiko makubwa ya kuni kwa ajili ya mapishi ya shule, na likatuomba tupime majiko matatu tuseme lipi linunuliwe. La kwanza lilitoka kiwanda kimoja, linang'aa kama gari jipya. La pili lilitengenezwa na Wanjala, Mkenya mwenye karakana kule Ggaba, mtu wa maneno mengi na kicheko kingi. La tatu lilitoka Katwe, kwa mjane mmoja aitwaye Nakato.

Nakato alilileta jiko lake mwenyewe juu ya mkokoteni, amejifunga leso kiunoni, mikono ina makovu ya cheche. Nilimkaribisha maji ya kunywa, ndipo akaniambia hali yake. Karakana ilikuwa ya marehemu mume wake. Tangu azikwe, shemeji yake, Musoke, anasema kazi ya chuma si ya mwanamke na karakana irudi kwa ukoo. Wazee wa ukoo wakaamua jambo: jiko lake likichaguliwa, karakana ni yake, mjadala umefungwa. Lisipochaguliwa, atoe funguo.

"Hajati, nimelala na hilo jiko kichwani," aliniambia. "Nikishindwa, najua kufua nguo za watu. Lakini sitaki kufua nguo. Nataka kuunga chuma."

Nilimhurumia sana, na huruma katika kazi yetu ni hatari. Nikashukuru kwamba wiki hiyo hiyo nilitumwa Masaka. Majaribio aliyapanga Mkurugenzi mwenyewe, mtu msomi, mwungwana, asiyependa kitu kiharibike bure.

Niliporudi nikakuta jedwali linanisubiri mezani. Nikaliangalia, nikavua miwani, nikaifuta, nikaliangalia tena. Jiko la Wanjala limelishinda la Nakato. La Nakato limelishinda la kiwanda. Na la kiwanda limelishinda la Wanjala! Sisi tuliita hali hiyo mzunguko. Ni kama kuambiwa Juma ni mrefu kuliko Ali, Ali mrefu kuliko Hasani, halafu Hasani mrefu kuliko Juma. Mzunguko mdogo hutokea pale wapimaji wanapochoka au vitu vinapofanana sana. Huu haukuwa mdogo. Katika kila jozi, karibu wapishi wote waliojaribu majiko walikubaliana.

Nikaenda kwa Mkurugenzi. Alikuwa na haraka, maana shirika lilishapiga simu.

"Bi Zulekha, usitucheleweshe. Jumlisha kura zote. Mwenye nyingi ndiye mshindi."

"Mwenye nyingi ni Wanjala, bwana."

"Basi ni Wanjala. Mpigie simu."

"Siwezi kupiga simu hiyo. Kwanza niambie, majiko haya walipikia nini?"

Akanitazama kama nimeuliza rangi ya soksi zake. Akaeleza kwa fahari. Ili chakula kisipotee, alipanga majaribio yafuate milo ya wafanyakazi wetu. Asubuhi, jiko la Wanjala na la Nakato yalichemsha chai ya ofisi. Mchana, la Nakato na la kiwanda yalipika ndizi za matoke. Jioni, la kiwanda na la Wanjala yalikaanga samaki wa Ggaba, kila mtu akaenda nyumbani na kipande. Hivyo hivyo, kila siku ya majaribio.

Jamani! Nilikaa kwenye kiti bila kukaribishwa. Jiko la Wanjala linawaka upesi, kwa chai halina mpinzani. La Nakato linashika moto wa taratibu usiopanda wala kushuka, na matoke yanataka hivyo hivyo. La kiwanda lina uso mpana, mzuri kwa kukaanga. Kila jozi ilihukumiwa kwa chakula chake, halafu sisi tukazichukua hukumu tatu za mambo matatu tukaziweka kwenye jedwali moja. Hesabu ilikuwa safi kabisa. Ni sisi tu, watu wa hesabu, tungeweza kukosea hivyo.

"Bwana Mkurugenzi," nikamwambia, "watoto wa shule wanakula nini?"

"Ugali wa posho na maharage. Kila mtu anajua."

Nikaona masikio yake yanabadilika rangi, kisha mzee wa watu akaanza kucheka, akacheka akipangusa macho kwa tai.

"Tumepima matumbo yetu," akasema. "Haya, rudia. Nitaongea na shirika mimi."

Tukarudia jikoni mwa shule moja kule Luzira. Wapishi walikuwa wanaume tupu, wana miiko mirefu kama makasia, sufuria zao unaweza kumwogesha mtoto ndani. Safari hii kila jozi ilipika posho, na kila jozi ikapika maharage, majiko yakibadilishwa pande. Kuuliza sikuuliza mimi. Nilimkabidhi mwenzangu Odongo, nikamwambia wazi, "Namtaka Nakato ashinde, kwa hiyo mimi sifai kusimama hapo." Akasema, "Kale, sawa, kaa kivulini." Nikakaa.

Karibu na alasiri Odongo alikuja na jedwali. Hakuna mzunguko. Jiko la kiwanda liliyumba posho ilipokorogwa kwa nguvu, mpishi mmoja nusura aungue mguu, wakalikataa dhidi ya yote mawili. La Wanjala liliwaka vizuri, lakini lilimeza kuni kama lina njaa ya mwaka, na moto wa maharage ukalazimika kuchochewa kila mara. La Nakato lilisimama imara kwa miguu yake mipana, moto wake ule ule tangu mwanzo mpaka mwisho. Lililishinda kila moja, moja moja. Nilisoma mara mbili kabla sijathubutu kufurahi.

Wenye majiko waliitwa uani. Wanjala alikuja, Nakato alikuja, na nyuma ya Nakato akaja Musoke, mtu mrefu mwenye kofia nzuri, ameshika kufuli jipya lililo bado kwenye karatasi yake. Kufuli! Mtu alikuwa ameshanunua na kufuli.

Mkurugenzi akasoma matokeo mwenyewe. Akaeleza kosa letu la mwanzo bila kuficha, na kwa hilo nilimheshimu. Alipotaja jina la Nakato, mjane yule hakupiga vigelegele. Alichutama pale pale, akafunika uso kwa leso, mabega yakawa yanatikisika. Nami nikalia, afisa mzima, mbele ya wapishi.

Wanjala alikuwa wa kwanza kumpa mkono. "Mama, hapo nimepigwa, sina la kusema," alimwambia. "Lakini mkitaka chai, njooni kwangu."

Watu wakacheka. Musoke hakucheka. Akasema kwa sauti, ili wote wasikie, "Bahati tu. Mwanamke kubahatisha jiko moja, hiyo ndiyo kazi ya chuma?"

Nakato akainuka, akafuta uso, akamsogelea. Hakufoka.

"Shemeji," alisema, "mimi nimewekwa karibu na kila mtu aliyetaka, nikatazamwa. Wewe umewekwa karibu na nani? Tengeneza jiko lako, nami nitaleta langu. Haya mawili tu. Wapishi hawa hawa waseme wangebeba lipi."

Mpishi mkuu akagonga mwiko wake chini. "Lete, ssebo, lete bwana wangu! Sisi tupo!" Wenzake wakashangilia. Musoke akatafuta pa kutazama, akalitia kufuli lake mfukoni, akaondoka.

Mimi nimestaafu sasa. Magoti yangu na mimi tumepatana, asubuhi nawafundisha wajukuu Kurani, na jioni naletewa magomvi yao yote niyaamue, nani mkimbiaji, nani mpishi, nani msema kweli. Nina furaha na kazi niliyoifanya. Vijana wananiambia siku hizi kuna nyota tano kwenye simu kwa kila kitu, kuanzia boda boda mpaka daktari. Nawaambia sawa, lakini mtu anayetoa nyota hajaonyeshwa cha pili. Nyota tano kuliko nani? Aliyeshindwa kwa alama anaambiwa yeye ni sita, aende zake. Aliyeshindwa kwa jozi anajua ameshindwa na nani, katika nini, na anajua pa kwenda kujifunza. Kwangu mimi hiyo ni heshima kubwa kwa mtu aliyetokwa jasho.

Nikipata nafasi napita Katwe kumwona Nakato. Karakana imepanuka, na mlango wake uko wazi kutwa. Huwa ananipa kiti, ananyanyua ile miwani ya kuungia chuma, tunaulizana habari za watoto. Na sijawahi kuondoka bila kumwuliza.

"Shemeji ameleta jiko?"

"Bado, Hajati," ananijibu, akirudi kwenye moto wake. "Tunamsubiri."