Tiyo ya Shefu Mwansa

Fsss. Sauti hiyo naisikia hata sasa ninapoandika: pumzi nyembamba, kama ya mtoto aliyelala na pua imeziba kidogo. Ilitoka ndani ya tiyo ya mpira, ndefu kama mkono, ambayo Shefu Mwansa, mkuu wa mafundi, aliniwekea sikioni siku yangu ya kwanza ya kazi.

"Sema," aliniambia. "Inapumua namna gani?"

"Iko na mafua, Papa."

Akacheka mpaka akajishika kiuno. "Huyu mutoto njo fundi! Bengine bananiambiaka 'iko sawa, Shefu', na habasikie kintu."

Mimi sikuja pale kutafuta ufundi. Masomo yangu yaliishia mwaka wa pili wa sekondari, na asubuhi hiyo nilikuja kuuza mandazi kwenye geti la garaje, hapa Lubumbashi. Beseni la mandazi nililiacha juu ya gurudumu bovu, mafundi wakala yote, na jioni nilirudi kwetu, mtaa wa Annexe, na mikono myeusi hadi kwenye viwiko. Mama aliuliza mandazi yameenda wapi. Nilimjibu: "Mama, nimepata kazi ya kusikiliza."

Ninyi vijana mnaotamani kazi hii, mjue kwanza inavyokwenda. Magari yetu yalikuwa ya mbio, ya zamani, ya viti viwili, yamelala chini kama paka anayewinda. Gari ya aina hiyo ina karburateri mbili, vile vyombo vinavyochanganya esanse, ile petroli, na hewa kabla ya kuingia katika motere, yaani injini. Zote mbili zinapaswa kupumua sawa. Moja ikivuta kuliko mwenzake, gari inachechemea, inakunywa esanse kama mlevi, na inakufa kwenye mlima. Magari ya leo yanapimwa kwa kompyuta. Yetu yalipimwa kwa sikio: ncha moja ya tiyo sikioni, ncha nyingine kwenye mdomo wa karburateri, na turnevisi, hiyo bisibisi yetu, inazungusha visi, skrubu ya hewa, pole pole mpaka pumzi mbili ziseme neno moja.

Nilianzia kwenye karai, kuosha vyuma. Kisha nikapelekwa kwenye magurudumu yenye nyuzi za chuma, kuzikaza moja moja. Halafu nikaingia katika timu ya njia. Aliyenipandisha huko ni Patron, mwenye garaje, mtu mrefu aliyevaa shati jeupe katikati ya grisi na halikuchafuka hata siku moja. Alikuwa na maneno machache. "Garaje haiko kanisa," alisema. "Hapa hatungojeake muujiza."

Timu ya njia ilikuwa na kazi kubwa mara moja kila kiangazi. Wenye magari walifunga safari ndefu kutoka Lubumbashi mpaka Kasenga, kwenye mto Luapula, na kutoka pale wakapanda hadi Pweto, kwenye ziwa. Mbele kabisa ilikwenda gari nyekundu ya Patron. Nyuma ilifuata gari ya kijani ya daktari wa meno, mtu wa maneno mengi, kwa sababu amezoea watu wasioweza kumjibu. Wengine walifuatana. Mwisho kabisa sisi, katika kamionete ya mizigo tuliyoiita Fagio, kwa maana iliokota kila kilichodondoka. Tulikula vumbi jekundu mpaka meno yakasaga. Lakini mimi nilikuwa na furaha! Nilifunga kitambaa kichwani, nikakiacha kipepee dirishani, nikajiona ni mimi ninayeongoza ile nyekundu.

Desturi ya safari ilikuwa moja, na hakuna aliyeivunja. Kila asubuhi, kabla ya kuondoka, Shefu alisikiliza. Magari yaliwashwa moja moja, watu wote wakanyamaza, hata daktari wa meno. Shefu aliinama, akafumba macho, akaweka tiyo. Akisema "Njo hivi," yaani ndivyo hasa, safari inaanza. Asiposema, hakuna anayepanda.

Masikio yake yalianza kumwacha taratibu. Nilimwita kwa nyuma, hakugeuka mpaka alipoona kivuli changu. Nikadhani amekasirika. Siku moja, tukiwa tunaosha vyuma wawili tu, aliniambia bila kuinua kichwa:

"Feli, masikio yangu inafunga mulango."

"Twende kwa munganga, Papa."

"Nilienda. Anasema ni motere ndiyo zilikula. Usimuambie Patron. Unaona ile kiti kwenye geti?"

Niliiona kila siku. Pale alikaa fundi wetu wa umeme wa zamani, ambaye macho yake yalikufa. Patron hakumfukuza. Alimpa kiti, akawa anafungua na kufunga geti. Watu walisema Patron ana moyo mzuri. Shefu alipita pale kila asubuhi akiangalia upande mwingine.

Basi tukapanga namna yetu. Shefu aliweka tiyo sikioni mwake, mimi nikainama karibu naye, kama fundi mdogo anayejifunza, na kitambaa cha kupangusia mkononi. Kwa sikio tupu nilisikia vya kutosha. Nikipangusa upande wa mbele, karburateri ya mbele inavuta sana. Nikipangusa nyuma, ni ya nyuma. Nikiacha kupangusa, imekaa sawa. Yeye alifumba macho, lakini si kabisa. "Njo hivi," alisema, na magari yakaenda. Patron mwenyewe alimsifu: "Shefu, weye unazeeka, sikio yako inakuwa kijana."

Kasenga ndiko alikozaliwa Shefu. Mwaka ule, tulipolala pale, dada yake mkubwa, mama anayeuza samaki wa kukausha, alikuja asubuhi na nusu ya mtaa kumwangalia ndugu yao akisikiliza magari. Shefu alikuwa amevaa ovaroli iliyopigwa pasi.

"Mwansa!" dada aliita. "Unawekaka nyoka mu sikio?"

Watu wakacheka. Shefu naye akacheka, kwa kuwa aliona wengine wanacheka.

Ndipo Patron aliponigeukia. "Feli, radiatere inataka maji. Kimbia ku mto."

Nilimtazama Shefu. Alitikisa kichwa kidogo: nenda. Ningesema nini mbele ya watu wote wale? Nikachukua bidoni, nikakimbia. Maji yalijaa pole pole, glu, glu, mpaka nikataka kulia. Niliporudi, bidoni ikinigonga miguu, nilikuta kimya.

Shefu alikuwa ameinama juu ya gari nyekundu, macho yamefumba kabisa, tiyo sikioni, turnevisi inazunguka. Anatikisa kichwa, kama mtu anayekubaliana na rafiki. Na motere ilikuwa imekufa. Alikuwa amezungusha visi kupita kiasi, ikasonga, ikazimika. Kila mtu aliisikia ikizimika, isipokuwa yeye. Mikono yake ilitetemeka kwa woga, na hakuweza kujua kama kinachotetemeka ni yeye au ni motere.

"Njo hivi," akasema kwa sauti nzuri. "Sasa inaimba."

Watoto wakaangua kicheko. Shefu akafumbua macho akaona feni ya motere imesimama tuli. Kisha akamtazama dada yake.

"Batoto, nyamazeni!" dada akafoka. "Munacheka nini? Hamuna baba kwenu?" Akavuta kitenge chake akajifunika mdomo.

Shefu akachomoa tiyo, akaipangusa kwa mkono wa ovaroli, akaninyooshea mbele ya watu wote. "Feli, kuya. Tangu zamani ni weye unasikia. Sikiliza."

Patron akawasha tena, nikasikiliza. Machozi yaliingia mdomoni, lakini nilizirudisha pumzi zote mbili zikawa sawa. Nilishindwa kusema "Njo hivi." Nilitikisa kichwa tu.

Patron alifungua mlango wa gari nyekundu, upande wa pili. "Shefu, panda hapa na miye."

Watu walipiga makofi. Kumbe fundi akipewa kiti cha abiria, kazi imeisha, na Shefu alilijua hilo kuliko wote. Mpaka Pweto, safari hii Fagio ikifuata nyuma tu ya ile nyekundu, niliona kichwa chake cheupe kupitia vumbi. Kiganja chake kilikuwa juu ya dashibodi njia nzima, hakukiondoa.

Tuliporudi Lubumbashi, kiti cha pili kikawekwa kwenye geti. Patron alikipaka rangi mpya.

Shefu alikaa pale masika moja. Gari ikipita, aliweka mkono kwenye chuma cha geti, akaniambia: "Hiyo iko mugonjwa," na mara nyingi alisema kweli. Siku moja mvua ilinyesha, hakukuwa na kazi, nikamkuta ameinama juu ya gari nyekundu na turnevisi, bila tiyo. Alizungusha visi kidogo. "Njo hivi," alijisemea, akafunga kapo, kifuniko cha motere, akarudi kwenye kiti chake. Juma lililofuata tulikuwa kwenye kilio chake. Dada yake alikuja kutoka Kasenga na samaki wa kulisha waombolezaji.

Sasa garaje imefungwa. Patron amezeeka, magari yameuzwa moja baada ya lingine. Nami nimepata retrete, nimestaafu nikiwa na meno yangu yote, na bado naota: siku moja nitafungua garaje yangu, na fundi asiyesikia atakuwa na meza yake pale, mbali na geti. Ninachowaambia ni hiki: mkifundishwa kazi na mtu, jueni kwamba siku moja mtaibeba kazi na mtu mwenyewe, na mtu ni mzito zaidi.

Gari nyekundu iliuzwa ya mwisho; tangu kilio cha Shefu haikusafiri tena, na hakuna aliyegusa visi zake. Mnunuzi alitaka iwe imepimwa vizuri kabla ya kupakiwa kwenye lori, na Patron aliniita mimi. Nilikuwa peke yangu. Niliwasha, nikaweka tiyo sikioni. Fsss, mbele. Nyuma, fsss nzito zaidi, yenye mafua. Visi ilikuwa pale pale mkono wa Shefu ulipoiacha siku ile ya mvua.

Nilishika turnevisi, nikaiweka kwenye visi. Kisha nikaiondoa, nikazima motere, nikafunga kapo.