Nyanya za Mayu kwenye Meza ya Mchuuzi

Nilipoolewa kijijini Samuye, mwanzoni mwa miaka ya sabini, kitu kilichonitia kinyaa kuliko vyote ni pipa la mama mkwe wangu. Lilikaa nyuma ya zizi, limejaa samadi, mkojo wa ng'ombe na majivu ya jikoni. Mayu, kama sote tulivyomwita, alilikoroga kwa mti kila asubuhi kwa muda wa wiki mbili, funza wakielea juu. Kisha alichota kopo moja, akalichanganya na makopo kumi ya maji, akamwagia nyanya zake shinani. Mimi nilikuwa mtoto wa Shinyanga mjini. Nilipita pale nimejiziba pua kwa kanga, naye aliniona, akaendelea kukoroga.

Kwa hiyo mchuuzi mmoja alipokuja mnadani na chupa zake za dawa ya kukuzia mimea, nilikuwa miongoni mwa wa kwanza kusogea. Alivaa suruali ya pekosi, pana miguuni, na shati jeupe. Chupa zilikuwa na maji ya buluu, mazuri kutazama.

"Vijiko viwili kwenye ndoo, basi!" alipaza sauti. "Hakuna kunuka, hakuna kubeba samadi kichwani! Siku saba, mnyanya unakupita kimo!"

Mezani alikuwa amepanga nyanya kubwa, na kando yake alisimama shemeji yangu, mdogo wake mume wangu.

"Hizi nimezilima mimi," shemeji aliwaambia watu. "Kwa dawa hii hii. Samadi nimeshaiacha."

Nilizitazama zile nyanya. Zilikuwa na mikunjo kama maboga madogo. Mbegu yake Mayu alipewa zamani na masista wa misheni, na pale kijijini hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Nilimsogelea shemeji, nikamnong'oneza, "Shemeji, hizi si za Mayu?"

"Usiniharibie, shemeji," alijibu akitabasamu. Alinuka pombe.

Mchuuzi hakuwa mjinga. Alinitia chupa mkononi. "Mama, hii ya kwako. Bure."

Nikaipokea. Mpaka leo nikikumbuka jinsi nilivyoifunga kwenye pindo la kanga na kuondoka kimya, natamani kutema mate.

Nyumbani nilipanda mchicha kwenye matuta matatu. La kwanza nililimwagia maji matupu, la pili ile dawa kwa vipimo vya mchuuzi, la tatu maji ya pipa, nikiwa nimeziba pua. Baada ya wiki tatu, mchicha wa pipa ulikuwa mnene na wa kijani kibichi. Ule wa dawa haukutofautiana na wa maji matupu, ila majani yake yalianza kukauka ncha. Nilidondoshea dawa kwenye kitambaa cheupe, nikaonja tone kwa ncha ya ulimi. Ilikuwa bluu ya kufulia na chumvi.

Kabla sijaamua la kufanya, jirani yetu mjane alikuja na miche mkononi, imenyauka kama iliyomwagiwa maji ya moto. Alikuwa ametoa kuku wake wawili wa mayai kwa chupa mbili, na kwa kuwa vijiko viwili vilisifiwa sana, yeye alimwaga nusu chupa. Kitalu chote kilikufa.

"Shemeji yako alisema ni dawa," aliniambia. "Na wewe ulikuwepo pale, mama. Ulisimama karibu kuliko mimi."

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mayu, nikamweleza yote, hata ya chupa yangu.

"Nyanya zangu nilizijua siku ile ile," alisema bila kuniangalia. "Nilipita pale mnadani nikaziona."

"Ukanyamaza?"

"Ni mwanangu. Ulitaka nimvue nguo mbele za watu?"

Kesho yake niliyasema kisimani, mbele ya wanawake wote: bluu, chumvi, nyanya za wizi, na ile chupa niliyopokea. Wengine walinicheka. Mmoja alitema mate karibu na miguu yangu. Mchuuzi hakurudi tena mnadani kwetu, na shemeji akatoweka, tukasikia yuko Nyarugusu akichimba dhahabu.

Jioni ya siku ile ya kisimani, Mayu alijitwika ndoo ya maji ya pipa, akachukua miche yake iliyobaki, akaenda kwa yule mjane, wakapanda pamoja.

Shemeji alirudi wakati wa mavuno. Mayu alimwandalia ugali na mchuzi wa nyanya zile zile za mikunjo, naye akala kwa raha, akilamba vidole.

"Biashara ni maneno, shemeji," aliniambia akicheka. "Mbona bado umenuna?"

Nilichukua sahani yangu, nikaenda kula jikoni.