Jino Lililomngoja Tukuswiga

Tukuswiga wa Makwale alipokuwa kidato cha pili alimshika kidevu babu yake Zebedayo, akamchungulia mdomoni, akatoa hukumu. "Babu, gego hili lina tundu. Asiliguse mtu. Nitakutibu mwenyewe nikiwa daktari wa meno." Mzee akacheka, akaapa kwamba hakuna mwingine atakayelitia mkono. Sisi tuliosikia tulidhani ni mizaha ya babu na mjukuu.

Na meno ya mzee huyo hayakuwa ya kutafunia wali tu. Zebedayo ni mkulima wa kokoa. Kabla ya kuipeleka kuuza, huing'ata punje moja: ikikatika kwa mlio imekauka, ikinyumbuka inarudi juani. Hata majirani walimletea zao awang'atie, maana hakuwahi kukosea.

Sasa, Tukuswiga akili alikuwa nazo, tena za kugawa. Kilichomponza ni kujiamini. Kidato cha nne alikuwa akitoroka vipindi vya Kemia, anavuka mto Songwe na shangazi yake Felista kwenda kuuza mchele upande wa Malawi, eti Kemia ataisoma wiki ya mwisho. Kemia haisomwi wiki ya mwisho, mwanangu. Matokeo ya Januari yakaja na D, na kwa D ya Kemia kidato cha tano cha sayansi husogelei. Udaktari wa meno ndio utausikia redioni.

D inasameheka. Kinachomtafuna mpaka leo ni jibu alilolitoa jioni ileile. Babu alipomuuliza, alisema, "Nimefaulu, babu. Nangoja kupangiwa shule." Mama yake, Ikupa, aliujua ukweli, akanyamaza kwa aibu. Tukuswiga akahamia Kyela mjini kwa shangazi, akaapa hakanyagi Makwale mpaka Kemia imekubali. Babu akaamini yuko shuleni. Hapo kwenye kusoma sina la kumlaumu: kila asubuhi alikuwa twisheni kwa mwalimu Eliud, Songwe hakuvuka tena, na Novemba akarudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Huku nyuma gego likaanza kumuuma mzee. Akasukutua maji ya chumvi, akabana karafuu. Ikupa alipomsihi waende hospitali, alijibu, "Mjukuu wangu yuko njiani. Akifika nimwonyeshe shimo?" Akakataza hata asipigiwe simu, asije akavurugwa masomo. Mmoja kaficha D, mwingine kaficha maumivu. Mficha maradhi kilio humfichua: Septemba taya likavimba mpaka jicho likafumba, na hospitali wakang'oa gego, jirani zake wanne, na kipande cha mfupa uliooza. Meno yaliyosalia hayashiki kitu.

Tukuswiga aliyajua hayo Januari iliyofuata, aliporudi na B ya Kemia. Alimkuta babu kwenye kichanja cha kokoa, shavu limebonyea. Furaha yote ikamwisha. Akapiga magoti kumwamkia, na hakuinuka mpaka ameyasema yote: D, uongo, mwaka mzima wa kurudia.

"Ningekwambia ukweli siku ile, ungeenda kung'oa mapema," alisema.

"Ningeenda," mzee alijibu. Hakumpunguzia.

Kisha akaokota punje moja kichanjani, akampa. "Ng'ata. Mimi siwezi tena."

Tukuswiga aling'ata. Punje ikanyumbuka.

"Bado, babu."

"Basi igeuze, jua lingalipo." Mzee akakaa kwenye kigoda chake, akashika shavu. "Hiyo B, ndaga fijo, asante sana, umejitahidi. Ila huko unakokwenda ni miaka mingi. Usimwambie mtu mwingine akungoje."

Tukuswiga akaigeuza kokoa ya kichanja kizima huku analia, na babu yake hakumbembeleza.