Tumbo Moja

Juzi mjukuu wangu hapa Katubuka alikuwa anasoma kwa sauti, kabana pua kama mwalimu wake: "Utumbo mwembamba una vinyweleo vidogo vidogo. Hivyo ndivyo vinavyofyonza chakula kiingie kwenye damu." Nikakaa chini, nikakumbuka mbali.

Nilikuwa mdogo, tunaishi Mwamgongo. Mdogo wangu Zena alikuwa anaharisha, kila alichokula kinapita tu. Mchana mmoja alilala mkekani, mwepesi kama jani la mhogo, na harufu ya dagaa walioanikwa mchangani imejaa nyumba nzima. Mama akataka kunitoa nje. Shangazi, mwenye sauti ya bata, akamzuia: "Wifi, mwache akae na mwenzie. Hawa si tumbo moja?"

Mimi nikajua kweli tumbo letu ni moja. Basi Zena akishindwa kula, nitamlia mimi. Nikavuta sahani ya ugali, nikala mpaka kupumua kukawa kazi.

Shangazi akaniona. "We mlafi, mwenzio yuko hivi, unajishindilia?"

"Namlisha Zena," nikasema. "Si tumbo moja?"

Shangazi akamgeukia mama.

Siku hizi najua kila mtu na utumbo wake. Mama alijua siku ile ile, lakini hakusema. Alimtazama Zena, akafinyanga tonge lingine, akanipa.

"Haya," akasema. "Mlishe."

Zena alitutoka kabla jua halijazama, na mimi bado natafuna.