Tonge la Kwanza la Mama

Harufu ya sombe, majani ya muhogo yanayoiva na mawese, hunirudisha Kashebere hata leo, kwenye nyumba ya mabati iliyotazama barabara, ambamo akina mama wa kanisa waliwapokea wanawake waliotoka gerezani. Walilima maharage nyuma ya nyumba, wakasali pamoja, wakangoja jamaa zao wakubali kuwachukua. Wengine walichukuliwa. Wengine walitazama barabara mpaka macho yakachoka. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Mjomba alinipeleka kumsalimia tu, lakini nilipomshika kiuno nilikataa katakata kuondoka, wakaniacha.

Kilichomfunga Mama ni kasiksi, pombe ya ndizi. Baba mdogo aliinywa nyumbani kwetu Ntoto, tumbo likamkamata, akafa. Kwetu mwenye pombe huonja kwanza mbele ya mgeni, ajulikane hana sumu. Siku ile mdogo wangu Furaha alikuwa analia, Mama akakimbilia kumnyonyesha, hakuonja. Basi, ikawa hilo. Lisemwalo lipo, watu wakasema, na baba yangu alikuwa amekwisha kufariki, hakuna aliyemtetea. Mahakama haikuona ushahidi, ikamwachilia. Lakini Koko, bibi yangu mzaa baba, ndiye aliyebaki na Furaha, akaapa hatamrudisha mpaka yeye mwenyewe ale chakula cha mkono wa Mama.

Koko alikuja wakati wa mvua. Tangu asubuhi Mama alitwanga sombe kwa nguvu, hata Mama Feza, mtunza nyumba, akamwambia, "Dada, tulia, utapasula kinu." Koko akaingia na matope hadi magotini, Furaha mgongoni. Mdogo wangu alimtazama Mama kama mtoto anavyomtazama muuguzi mwenye sindano. Mama hakuthubutu kumgusa. Aliweka bugali na sombe chini, akamega tonge, akachovya, akala, akameza, akafungua kinywa tuone. Koko hakunyoosha mkono. Mvua ilipiga mabati, na mimi njaa ilikuwa inaniuma kwelikweli.

"Weye unajua dawa ya kujikinga," Koko alisema, akaninyooshea kidole. "Huyu mutoto njo akule kwanza."

Nikapeleka mkono haraka. Mama akaukamata.

"Hapana. Sikumuzaa juu ya kupima sumu."

"Kama chakula iko safi, unaogopa nini?"

"Dada, acha akule," Mama Feza alimsihi. "Furaha iko hapa, mbele yako!"

"Nikimutuma aonje, nimekubali kama niko mulozi," Mama alijibu. Machozi yalimtiririka, lakini vidole vyake havikulegea mkononi mwangu.

"Munaona?" Koko akasema. "Kikulacho ki nguoni mwako." Akamkaza Furaha mgongoni, akatoka mvuani. Wanawake wa nyumba ile wakakaa chini bila kuitwa, wakala ile sombe yote, wakakomba hata sufuria. Mimi sikula. Jamani, nilimchukia Mama siku ile! Tonge moja tu, na mdogo wangu angelala nasi.

Leo nina mtoto wangu, na mkono wake ningeukamata vilevile. Mama hakurudi Ntoto tena. Ana malewa yake, mgahawa wa kando ya barabara, hapo hapo Kashebere, na madereva wa malori wanagombania benchi, wala hakuna anayemuuliza alitoka wapi. Hata hivyo, kila sufuria huionja kwanza mbele ya wateja, nao humtania kwamba anawamalizia nyama. Nami nilikuwa nacheka pamoja nao, mpaka mwaka jana, vita vilipowatoa watu Ntoto na Koko akafika mlangoni, amezeeka, ameegemea bega la Furaha. Mama aliwapakulia. Kabla Mama hajamega, Koko alikuwa ametia tonge kinywani.

"Mama, bado sijaonja," Mama alimwambia mkwewe.

"Acha. Nimechoka kuogopa."

Nikadhani yamekwisha. Nikamgeukia Furaha, mtoto aliyelelewa na woga ule, sasa mwanamke mzima. Alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, macho yake kwenye kinywa cha Mama. Mama akaelewa. Akamega tonge, akachovya, akala, akameza, akafungua kinywa. Ndipo Furaha akanawa mikono.