Mgeni wa Kupima Moshi

Kichwa kiliniuma miezi mingi, hata nikaishiwa na watu wa kulaumu. Miaka hiyo ya tisini nilikuwa nikikata tiketi kwenye maegesho ya chini ya gesti moja mjini Homa Bay. Jengo lilichimbiwa kwenye mteremko, kwa hiyo chini kwetu kulikuwa ndani ya ardhi, na lango lilikuwa moja tu. Wauza samaki waliegesha pikapu zao humo na kuziacha zikinguruma, kwa maana betri zilikuwa mbovu na gari likizimwa ni la kusukumwa. Lango nalo lilifungwa kwa sababu ya wezi wa vioo.

Nilikuwa mjamzito kwa mara ya pili. Mimba ya kwanza ilitoka nikiwa kwenye kazi hiyohiyo. Mama mkwe, kule Rangwe, alisema ni chira, laana ya kuvunja mwiko: nilipanda mahindi kabla yeye hajapanda yake. Daktari alisema malaria. Mchungaji alisema nina hasira nyingi, na hapo hakukosea. Nikameza vidonge, nikaombewa, nikaomba msamaha palepale shambani. Jumapili kichwa kilitulia, Jumatatu kikarudi. Sikuelewa kitu.

Kisha wageni wa gesti wakalalamikia harufu, na mwenye jengo akamwita mpimaji wa hewa kutoka Kisumu. Mgeni hapokelewi kwenye uchafu. Tangu asubuhi tulisukuma pikapu zote nje, tukaacha lango wazi, tukaosha sakafu kwa sabuni. Mpimaji akazunguka na kimashine shingoni, kile cha kulia kikikuta hewa mbaya. Hakikulia.

"Hewa hapa ni safi," akasema.

"Na hii kichwa yangu, daktari?" Hakuwa daktari, lakini nilishachanganyikiwa.

"Labda ni ujauzito, mama."

Kama si hewa, basi ni chira; kumbe mama mkwe alisema kweli! Nilishika tumbo, nikaogopa kwelikweli kwamba huyu naye ataondoka.

Mwenye jengo akampeleka mgeni juu kula samaki, wakala bila haraka. Wauza samaki hawakuwa na subira hiyo. Pikapu zikarudi, zikaachwa zikinguruma, lango likafungwa. Kichwa changu kikaanza.

Mgeni akashuka akichokonoa meno, kimashine bado shingoni. Hakufikia gari lake. Kikalia. Akakipiga kofi, kikazidi kulia. Akatazama pikapu, akatazama lango, akanitazama mimi.

"Zimeni magari! Fungueni lango! Mama, toka nje. Unakaa hapa siku mzima?"

"Kila siku, isipokuwa Jumapili."

Nje nilimuuliza. "Na huyu wa tumboni, anavuta hii moshi?"

"Anapata kile unapata wewe. Usirudi huko ndani."

Sikurudi. Mtoto alizaliwa mzima, mwenye kelele nyingi. Mama mkwe alimbeba akasema ni ule msamaha wa shambani uliomleta, na mpaka leo hasemi vingine.

Sijambishia, mimi ninayebishana na kila mtu. Chira ina msamaha wake, na niliuomba. Lakini yule wa kwanza nilimpeleka kule chini mwenyewe, asubuhi baada ya asubuhi, na sijui hilo namwomba nani msamaha.