Kitambaa Juu ya Modemu

Mimi nina hasira za karibu, na sisingizii ukoo wala baridi ya Meru. Ni zangu. Tulipoweka intaneti ya waya wa simu nyumbani, Kwa Mrombo, zikapata kazi.

Ilikuwa miaka ile kampuni za simu zinachipuka kama uyoga, kila moja inaapa ndiyo yenye kasi. Wiki ya kwanza kweli ilikimbia. Baadaye ikawa asubuhi na mapema ni sawa, ikifika saa nne inatambaa, saa sita imekufa. Nilizima na kuwasha modemu, kile kidude cha kuleta intaneti. Nilibadilisha waya. Nikang'oa simu ya chumbani. Nikapigia kampuni, nikamfokea dada wa watu mpaka akakata. Fundi akaja mara mbili, na mara zote mbili, mbele yake, ikaenda kama mshale!

"Braza, mbona iko poa?" akaniuliza. Nilijiona mwongo ndani ya nyumba yangu.

Mama alikuwa anakaa nasi. Aliletwa kutoka Machame kwa sababu ya macho. Yalikuwa yameingia ukungu, akawa ananitambua kwa kikohozi. Madaktari bingwa kutoka nje walikuwa wanakuja Moshi wiki moja tu, na walitaka picha za macho yake ziwafikie kwa baruapepe Ijumaa, kabla ya saa nane mchana. Zikichelewa, mpaka mwaka ujao. Na daktari wa hapa alishaninong'oneza kwamba mwaka ujao hakutakuwa na jicho la kutibu.

Picha nilizichukua mjini Ijumaa hiyohiyo, saa tano, kwenye sidii. Mke wangu akanipigia: "Pitia kafe ya intaneti uzitume hukohuko." Nikamjibu nina intaneti yangu, ninailipia, sipangi foleni na watoto wa shule.

Saa saba na nusu, picha ya kwanza ilikuwa haijafika nusu, na kurudi mjini nisingewahi. Mama alikaa kwenye kochi, mikono mapajani. Nikampigia fundi nikaanza kufoka.

"Braza, acha kelele kwanza. Hebu ishike hiyo modemu. Ni ya moto?"

Nikanyoosha mkono, nikagusa kitambaa. Chini yake kidude kilikuwa kinaunguza kama kikaango.

Sebuleni kwetu kila kitu kilivaa kitambaa cha kufuma: tivii, redio, simu, mpaka chupa ya chai. Sasa nani angeshangaa modemu nayo kuvikwa? Nilikuwa nakiona kila siku, kizito, kimeshuka mpaka mezani, na swichi ya modemu naibonyeza juu ya kitambaa hichohicho. Na kila fundi alipokuja, mke wangu alikuwa ameviondoa vyote kuvifua, mgeni asikute vumbi.

"Nani kafunika hiki?"

"Mimi, mwanangu," mama akasema. "Kilikuwa uchi peke yake."

"Mama! Unajipofusha kwa mikono yako mwenyewe!"

Ndivyo nilivyosema. Nikakivuta, nikakitupa nje ya mlango. Tukazima, mke wangu akapepea kwa gazeti, tukawasha. Picha ya mwisho ikaondoka saa nane kasoro dakika mbili. Nikapiga ukelele wa furaha; mke wangu akakunja gazeti, akaenda jikoni.

Mama alitibiwa. Siku aliyorudi alisimama katikati ya sebule, akatazama tivii, akatazama chupa ya chai, akanitazama mimi.

"Umenenepa," akasema. Tukacheka mpaka machozi. Kisha akaisogelea meza ya modemu.

"Kitambaa changu kiko wapi? Hivi vingine nilivifuma ninaona. Kile nilikifuma kwa vidole tu, miezi miwili. Nataka nione kama nilipatia."

Kilikuwa uani. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimekifutia oili ya gari. Aibu ilinishika. Ningeweza kusema kimepotea, lakini kumdanganya mtu aliyeanza kuona tena, hapana, hiyo ilinishinda. Nikaenda nikakileta kama kilivyo, kimeloa, cheusi tii.

Mama akakipokea. Alikipeleka dirishani, akakitandaza kwenye mwanga, akahesabu safu moja moja kwa kidole mpaka kidole nacho kikawa cheusi.

"Nilipatia," akasema.